Anayepewa umeme wa Kamina aandikiwe kwanza siku ya kuondoka

Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilivunja ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, katika nchi yetu. Tangu hapo mwekezaji binafsi anaweza kuzalisha umeme, kuusambaza na kuuza, na mikoa imepata sauti katika miradi iliyo ndani ya mipaka yake. Haut-Lomami, mkoa uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa vipande vinne, una kila sababu ya kuitumia nafasi hiyo. Pita jioni komini za Dimayi au Sobongo hapa Kamina, makao makuu ya mkoa, uone vibanda vya kuchajia simu: paneli moja juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, waya wenye midomo kumi, na watoto wakingoja zamu huku wameshika simu za baba zao. Mwenye baa ana jenereta yake, na bei ya mazuti inaingia katika bei ya soda. Mtu akija kesho na ahadi ya nguzo na nyaya kwa mji mzima, atapokelewa kwa ngoma, na atakuwa amestahili.

Naomba kabla ya ngoma tuulize jambo moja: mkataba huo utaishaje?

Najua swali hili linawaudhi wengi, kama mtu anayetaja talaka kwenye karamu ya harusi. Lakini mikataba ya umeme, maji na reli ina njia zake za kuisha, nazo si nyingi. Muda wake unafika. Upande mmoja unauvunja. Serikali inataifisha. Au mwendeshaji anaishiwa nguvu na kuacha kazi katikati. Ukanda wetu umeziona zote nne, na nikizitazama kwa karibu naona kwamba mara nyingi hasara haikuletwa na kuisha kwenyewe. Ililetwa na ukosefu wa hesabu ya mali ambayo pande zote zingekubali kuisoma pamoja siku ile ya mwisho.

Watu wa Katanga tuna kumbukumbu yetu. Comité Spécial du Katanga iliundwa mwaka 1900 kusimamia ardhi na madini ya eneo hili kwa niaba ya Dola ya Leopold na Compagnie du Katanga, theluthi mbili kwa moja. Katika chombo hicho ndimo nguvu ya kura ndani ya Union Minière, kampuni kubwa ya madini, ilimokaa. Juni 1960, zikiwa zimebaki siku chache tu bendera ya uhuru ipandishwe, Ubelgiji ikakivunja. Dola changa ikarithi hisa bila ile nguvu ya kura iliyoambatana nazo, na ugomvi kuhusu mali hiyo ukaendelea hadi makubaliano ya Februari 1965 kati ya serikali ya Tshombe na Brussels. Ile haikuwa konsesheni ya umeme wala ya maji. Lakini funzo lake lilikuwa la wazi kwa yeyote aliyetaka kulisoma: anayeandika masharti ya kuvunja ndiye anayeamua nani atabaki na nini.

Kisha ikaja zamu ya umeme wenyewe. SNEL iliundwa mwaka 1970, na kwa sheria ya Julai 1974 serikali ikazichukua kampuni binafsi na kuziingiza humo: Sogefor na Sogelec za huku Katanga, Forces de l'Est, Forces du Bas-Congo, Comectrick na Cogelin. Ilikuwa haki ya nchi kumiliki mabwawa yake, sina ugomvi na hilo. Ninachotazama ni mahali mji ulipokaa katika shughuli ile. Haukuwa muuzaji, haukuwa mnunuzi, haukuitwa hata kuwa shahidi. Mali ilihama kutoka mikononi mwa kampuni hadi mikononi mwa shirika lenye makao Kinshasa, na ofisi ya mji haikubaki na karatasi yoyote ya kuonyesha ni transfoma ngapi zilikuwa mtaani mwake wala zilikuwa na umri gani. Kamina tunaijua hali hiyo ya kuwa mji wa mkataba wa wengine. Reli ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilikamilika mwaka 1928. Tawi la kwenda Kabalo likaungwa mwaka 1956, tukawa njia panda ya nchi. Mtambo wa umeme wa maji wa Kilubi ulijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kambi kubwa ya kijeshi. Reli na mtambo vilikuja na watu walioviagiza, na siku walipoondoka, hesabu ilifanywa mbali na hapa.

Kisa kilicho hai zaidi kwa sasa kiko Uganda, na tukisome kwa makini maana ndicho kinachofanana na kile tunachoweza kukitia saini sisi.

Machi 2005 Uganda ilikabidhi usambazaji wa umeme kwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20. Nguzo na nyaya za zamani zilibaki mali ya shirika la umma, UEDCL. Umeme ilizikodi, ikaziendesha, ikaongeza zake. Katika miaka hiyo wateja walipanda kutoka karibu 300,000 hadi zaidi ya milioni 2, na umeme uliopotea njiani ukashuka kutoka kiasi cha asilimia 38 hadi kama asilimia 17. Hayo ni mafanikio, na asiyeyataja anadanganya. Hata hivyo wananchi walilalamikia bei, wabunge wakataka mkataba uvunjwe mapema, na serikali ikachagua kungoja muda uishe. Tarehe 31 Machi 2025 ukaisha. Kesho yake asubuhi UEDCL ikaanza kuendesha mtandao, pamoja na wafanyakazi wengi waliotoka Umeme.

Mpaka hapo inaonekana safi. Mkataba ulisema serikali itailipa Umeme kile kilichowekezwa na ambacho bado hakijarudi kupitia bili za wateja. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akapiga hesabu, serikali ikalipa dola milioni 118. Umeme ikasema inadai milioni 292. Mtandao ni ule ule, nguzo zile zile, tarehe ile ile, na katikati kuna pengo la dola milioni 174. Mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Na hii ni nchi yenye mamlaka ya udhibiti iliyofanya kazi miaka yote hiyo, yenye wakaguzi, yenye bunge lililofuatilia, na kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa tangu 2012 ikichapisha hesabu zake kila mwaka. Ikiwa hao wamefika siku ya mwisho wakiwa na vitabu viwili visivyolingana, sisi tutafika na nini?

Pengo la namna hiyo lina chanzo chake, na chanzo hicho ni rahisi kukielewa. Chukua mfano wa kufikirika. Mwendeshaji ana mkataba wa miaka 20. Mwaka wa kwanza anaweka dola milioni moja katika nyaya, na fedha hiyo inarudi kidogo kidogo kwa miaka 20 kupitia bei ya umeme. Siku ya mwisho hadai kitu. Mwaka wa 15 anaweka milioni nyingine kwa utaratibu ule ule. Siku ya mwisho imerudi robo tu, na anadai 750,000. Kwa hiyo kila anachojenga katika miaka ya mwisho kinakuwa deni la mji. Hapo maswali yanaanza. Ile laini ilihitajika kweli? Nani aliiidhinisha? Bei ya nguzo ilikuwa ya sokoni au ya shemeji? Ile transfoma iliyoandikwa kitabuni ipo, au iliungua zamani na bado inahesabiwa? Maswali haya yakiulizwa mwaka ule ule laini ilipojengwa, yanajibiwa kwa siku moja, kwa kwenda na kutazama. Yakiulizwa baada ya miaka kumi yanajibiwa na mawakili.

Na kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye karatasi. Mwenye mkataba unaokaribia kuisha hana hamu ya kubadilisha kilichochakaa, maana hajui kama atalipwa. Serikali nayo hairuhusu atumie sana, maana inajua itamlipa. Mtandao unaishi miaka yake ya mwisho bila mtu anayeutaka. Uganda waliyaona hayo: matumizi ya kujenga yalibanwa mkataba ulipokaribia mwisho, na wiki za kwanza za UEDCL zilijaa malalamiko ya umeme kukatika. Anayekaa gizani katika kipindi hicho hahusiki na hesabu ya upande wowote.

Dar es Salaam walimaliza kwa njia nyingine. City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania, ilianza kuendesha maji ya jiji Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka kumi na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Haikufika miaka miwili. Makusanyo hayakufikia yaliyoahidiwa, malipo kwa DAWASA yakakwama, na Mei 2005 Edward Lowassa, waziri wa maji wakati huo, akatangaza kwamba mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni ofisi zikachukuliwa na mameneja wa kigeni wakasafirishwa kwao. Kampuni ya umma, DAWASCO, ikashika kazi. Kesi zilizofuata zilikwenda pande mbili. Wasuluhishi wa kibiashara waliamua kwamba City Water ndiyo iliyokosa, na kwamba inadaiwa na DAWASA. Wasuluhishi wa ICSID, kituo cha kimataifa cha migogoro ya uwekezaji, katika uamuzi wa Julai 2008, walisema serikali ya Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kwa jinsi ilivyoikamata kampuni, lakini hawakuamuru ilipe fidia hata senti moja, kwa sababu kufikia siku ya kukamatwa kampuni ilikuwa haina thamani tena.

Naupenda uamuzi ule wa 2008, na sababu si kwamba serikali ya Afrika ilishinda. Kusema kweli haikushinda, iliambiwa imekosea. Naupenda kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo viongozi wetu huyachanganya. Kuwa na sababu nzuri ya kumfukuza mwendeshaji ni jambo moja. Namna ya kumfukuza ni jambo la pili, na la pili linaweza kukufanya udaiwe hata kama katika la kwanza uko sahihi. Tanzania iliokolewa na hesabu: City Water haikuwa na kitu. Mkoa unaomfukuza kwa mabavu mtu aliyejenga vizuri hautapata wokovu huo. Notisi iandikwe, muda wa kurekebisha utolewe, mkutano ufanyike, na polisi wakae kambini kwao.

Reli ya Kenya na Uganda naitaja kwa kupita. Rift Valley Railways ilipewa miaka 25 mwaka 2006. Mwaka 2017 Kenya iliufuta mkataba, na Uganda nayo ikaichukua reli yake. Miaka 11 kati ya 25. Mji wa reli kama wetu hauhitaji kuelezwa maana ya vichwa vya treni vilivyosimama huku wenye mkataba wakiwa mahakamani.

Wapo wanaofanya jambo hili kwa utulivu, na wengine ni miji midogo kuliko Kamina. Ujerumani mwenye kutoa haki ya kupitisha nyaya barabarani ni mji wenyewe. Sheria yao inaweka kikomo cha miaka 20 kwa mkataba wa namna hiyo, na inaulazimu mji kutangaza hadharani, angalau miaka miwili kabla, kwamba mkataba unakaribia kuisha, ili kila anayetaka kuomba aombe. Schönau ni mji mdogo wa watu wasiozidi elfu tatu katika milima ya Msitu Mweusi. Wakazi wake, walioshtushwa na ajali ya Chernobyl, waliunda kampuni yao, wakashinda kura ya maoni ya 1996 na kuuchukua mtandao mwaka 1997. Mwendeshaji wa zamani aliwataka walipe maki milioni 8.7. Mtaalamu wao alikuwa amepata chini ya nusu ya bei hiyo. Hatimaye walilipa milioni 5.7, na hata hiyo waliilipa huku wakihifadhi haki ya kuipinga mahakamani. Wasingekuwa na hesabu yao wenyewe, wangelipa milioni 8.7, au wasingeuchukua mtandao kabisa. Paris nayo, jiji tajiri, haikuvunja chochote: mikataba yake ya maji na Veolia na Suez ilipofika mwisho wa 2009 haikuongezwa, na Januari 2010 Eau de Paris ikaanza kazi. Maandalizi yalikuwa yamefanywa miaka kadhaa kabla.

Katika sheria ya mapokeo ya Kifaransa, ambayo wanasheria wetu wameisomea, mali ya mkataba kama huu hupangwa katika mafungu matatu. Lipo fungu la mali za kurudi: zile ambazo huduma haiwezi kwenda bila hizo, kama nguzo, nyaya, transfoma, mita, mitambo. Hizo hurudi kwa umma siku ya mwisho, bure ikiwa gharama yake imesharudi. Lipo fungu la mali ambazo umma unaweza kuzinunua ukitaka, kama magari ya mafundi au akiba ya vipuri. Na lipo fungu la mali za mwendeshaji mwenyewe, ambazo anaondoka nazo. Ni utaratibu mzuri. Udhaifu wake ni kwamba mafungu hayo hujadiliwa mwishoni, wakati kila kitu chenye thamani kinavutwa upande mmoja na kila kibovu kinasukumwa upande mwingine. Na siku hizi kuna mali ambayo wazee wa sheria hawakuijua: programu ya mita za malipo ya kabla. Mwenye funguo za programu hiyo anaweza kuuzima mji mzima bila kugusa nguzo hata moja. Isipoandikwa waziwazi kwamba ni mali ya kurudi, pamoja na majina ya wateja na salio lao, basi nguzo tutakazorithi zitakuwa miti tu.

Nataka tuingie katika mkataba wowote wa Kamina na daftari. Kila nguzo iwe na namba yake, iliyopigwa kwenye kibati na kugongelewa mtini. Katika daftari, mstari wa namba hiyo useme nguzo iko mtaa gani, ni ya mti au ya chuma, ilisimikwa mwaka gani, iligharimu kiasi gani, na ni kiasi gani kimesharudi. Transfoma na mita vivyo hivyo. Kila Januari watu watatu watembee mitaani na daftari hilo: wa kampuni, wa mkoa na wa mji. Watakachokubaliana hakitafunguliwa tena mwaka unaofuata. Wasichokubaliana kiende kwa ARE, mamlaka ya udhibiti wa umeme, mwaka huo huo, kikiwa bado kidogo. Miaka 20 ikiisha, hesabu ya mwisho itakuwa ya mwaka mmoja tu.

Fedha nayo. Uganda ililazimika kuomba bunge liidhinishe mkopo wa benki ili kulipia kuondoka kwa Umeme. Mkoa wetu hauna benki itakayoukopesha kiasi cha namna hiyo. Kwa hiyo sehemu ndogo ya kila bili iwekwe tangu mwezi wa kwanza katika akaunti isiyoguswa na kampuni wala na gavana peke yake. Najua jinsi akaunti za namna hiyo zinavyotamaniwa huku kwetu, ndiyo maana nataka salio lake litangazwe redioni kila robo mwaka, kwa Kiswahili na kwa Kiluba.

Nimeambiwa kwamba tukianza na maneno ya kuondoka, mwekezaji atakimbia. Sikubali. Benki inayomkopesha mwekezaji husoma kurasa za mwisho wa mkataba kabla ya kutoa dola ya kwanza, maana inataka kujua italipwa na nani mambo yakiharibika. Mwekezaji mwenyewe ana wakili aliyeziandika. Upande pekee unaosaini bila kuzisoma ni wetu. Mwekezaji makini atafurahi kuona kwamba nguzo zake zitahesabiwa kila mwaka na hazitabishaniwa uzeeni. Anayekimbia daftari alikuwa na sababu yake.

Tukumbuke pia kwamba muhula wa gavana ni miaka mitano. Hata kila mmoja akimaliza muhula wake, jambo ambalo mikoa yetu haijalizoea, mkataba wa miaka 20 utapita katika ofisi za magavana wanne, na yule wa nne atakuwa anauona kwa mara ya kwanza. Mji haubadiliki hivyo. Ndiyo maana nasema mji uwe upande wa tatu wa mkataba, wenye saini yake, na sio mtu wa kuletewa taarifa. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba hakuna wawakilishi wa kutia saini hiyo, kwa kuwa uchaguzi wa ngazi ya chini haukufanyika. Desemba 2023 makao makuu ya mikoa yalichagua madiwani wa komini. Basi wapeni kazi. Ikiwa mkoa utasaini, ukurasa wa daftari la mali uwe na saini za madiwani hao, na nakala yake ibandikwe ukutani katika ofisi ya kila komini kabla fundi hajachimba shimo la nguzo ya kwanza.